Niombe meja nyepesi Berkeley halafu nihamie CS? Jibu refu kwa mdogo wangu wa Tanga

Swali nimelifupisha, lilikuwa refu kuliko hili (meja ni fani kuu ya digrii, CS ni Computer Science, komyuniti koleji ni chuo cha umma cha kuanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu):

"Shikamoo dada. Nina miaka 21, form six nilimaliza Tanga, PCM. Tulikuja Sacramento mimi na mama kwa green card, sasa mwaka na nusu. Nasoma komyuniti koleji, semista ya pili, GPA yangu 3.5, kalkulasi ya kwanza nilipata C. Semista hii nina data strakcha na naona inanishinda, nafikiria kuiacha. Usiku nafanya kazi ya kutunza wazee. Ndoto yangu ni Berkeley, Computer Science. Jamaa yangu ananiambia niombe meja nyepesi nikishaingia nibadili. Mama anasema niache hayo yote nisome unesi. Na ada itakuwaje?"

Marahaba mdogo wangu. Hapo umefunga maswali manne kwenye furushi moja, nianze na la jamaa yako maana ndo lenye hatari, mengine tutayafikia.

Usifanye hivo. Huyo jamaa hakudanganyi kwa makusudi, anakupa habari za zamani. Kuna kipindi ujanja huo ulikuwa unapita kabisa, unaingia Berkeley upande wa Letters and Science (koleji yao ya sanaa na sayansi) bila meja, unasoma kozi zao tatu za mwanzo, 61A, 61B na 70, ukifikisha wastani wa 3.3 kwenye hizo tatu unajitangaza CS, mambo yameisha. Watu kibao wamepita hapo. Lakini 2023 wakaanzisha koleji mpya, inaitwa College of Computing, Data Science, and Society, CS ya Letters and Science ikahamishiwa huko na mtu anachaguliwa kuingia CS tangu kwenye fomu ya maombi. Aliyeingia na meja nyingine akabadili mawazo anashindania viti vya kuhesabu na wanafunzi wenye A tupu. Na wewe unayehama kutoka chuo kingine una kitu kingine kinakubana, una miaka miwili tu pale. Ukikaa mwaka mzima unabisha hodi CS, hata wakifungua mwaka uliobaki hautoshi kumaliza kozi za juu. Nimeona watoto wa watu wameishia kugradueti na meja wasiyoitaka kwa sababu ya ushauri wa namna hiyo, San Diego nako, kampasi nyingine ya UC (University of California, mfumo mmoja na Berkeley), wana orodha ya meja zenye foleni, na CS imo.

Ukweli ambao watu wengi wanauchelewa ni kwamba hivi vyuo, kwa mtu wa CS, sio chuo kinachokuchagua, ni meja inayokuchagua. Berkeley ukichukua wahamiaji wote, yaani wanaohama kutoka vyuo vingine, kwa ujumla wanapokea karibu robo ya walioomba, ukiingia kwenye CS peke yake hawafiki mmoja kwenye kumi. UC wenyewe wanatoa jedwali kila mwaka la wahamiaji kwa kila kampasi na kila meja, wangapi waliomba, wangapi walipata, GPA zao zilikuwa kuanzia wapi mpaka wapi. Lifungue leo kabla hujalala. Litakuambia mengi kuliko mimi.

Ila kuna toleo halali la ushauri wa jamaa yako. Unaweza kuomba meja ambayo ni ndugu wa CS na ukaisoma hiyo hiyo mpaka mwisho bila kinyongo. UCLA wana Mathematics of Computation, wana pia Linguistics and Computer Science. San Diego wana Mathematics-Computer Science. Irvine pale shule ya Donald Bren kuna Software Engineering na Informatics. Davis kuna CS mbili tofauti, moja iko Letters and Science, nyingine inaitwa Computer Science and Engineering iko koleji ya uhandisi, na masharti yao hayafanani. Tofauti yake na ujanja wa jamaa inaonekana ndogo ila ni kubwa, hapa unaomba kitu ambacho hata usipobadili meja umepata digrii unayoweza kuitetea mbele ya mwajiri.

Na nikutajie kitu kimoja kwa sababu umesema Sacramento. Davis iko kama kilomita 25 tu kutoka hapo mlipo, treni ya Capitol Corridor inasimama pale, unaweza kulala kwa mama na kusoma chuo ambacho watu wanatoka mbali kukitafuta. Najua Davis haina jina la kutamba nalo kwenye magrupu ya whatsapp ya Tanga. Mimi ningeiweka namba mbili kwenye orodha yako, pengine namba moja, lakini hiyo roho ya Berkeley sitaki kukunyang'anya kwaiyo tuendelee.

Sasa hesabu. Hapa ndo nataka usome taratibu maana mimi mwenyewe nilipoteza mwaka mzima hapa. Nilipokuja kaunsela mmoja (chuo sikitaji) akaniambia chukua kalkulasi ya biashara, ni rahisi, inatosha. Inatosha kwa nini? Kwa biashara! Nilikuja kujua mwaka wa pili kwamba kwa CS ya UC ile ni sawa na sijasoma, nikarudi mwanzo wa mstari. CS ya kuhama ni mnyororo: kalkulasi ya kwanza lazima iishe ndo uchukue ya pili, ya pili ndo inafungua ya tatu na linia aljebra na mlinganyo tofautishi, na fizikia ile yenye kalkulasi haikuruhusu kuingia bila kalkulasi. Upande wa programu nako ni hivo hivo, kozi ya kwanza, ya pili, data strakcha, halafu asembli au mpangilio wa ndani wa kompyuta, na hesabu za diskriti pembeni. Ukiteleza semista moja kwenye mnyororo huo hupotezi kozi moja, unasukuma kila kitu mbele na vyuo vingi vidogo kozi kama diskriti wanaifundisha mara moja kwa mwaka.

Hiyo C ya kalkulasi. Najua unaniuliza kimoyomoyo kama unaweza kuirudia. Huwezi, komyuniti koleji za California hazikuruhusu kurudia kozi uliyopata C au zaidi, na hata ungepata mwanya wa kuirudia mahali pengine UC wangehesabu ile ya kwanza. Kwaiyo iache ilale. Dawa yake ni A kwenye kalkulasi ya pili na ya tatu, mtu anayesoma transkripti (karatasi ya matokeo yako) anaona ngazi inayopanda. Ila nikuulize kitu kama dada yako: mtu wa PCM, umekaa miaka miwili na Advanced Mathematics, umetofautisha na kuintigreti mpaka ukaota, C imetokea wapi? Mimi nadhani jibu liko kwenye sentensi yako ya kazi ya usiku. Hesabu unazijua, usingizi ndo huna. Wengi wetu tunakuja huku tunabeba boksi usiku tunasoma mchana halafu tunajiona hatuna akili.

Kwaiyo punguza mwendo. Hakuna sheria inayosema komyuniti koleji ni miaka miwili. UC wanataka yuniti (vipimo vya uzito wa kozi) 60 za semista zinazohamishika ili uingie kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hawaulizi umezikusanya kwa miaka mingapi, na hata ukizidisha, zikiwa za komyuniti koleji wanahesabu 70 tu, ukishafaulu zile za ziada zinakufutia masharti bila kukuzidishia mzigo. Chukua 12 au 13 kwa semista, hesabu moja, kompyuta moja, na moja au mbili za kawaida, usishuke chini ya 12 kwa sababu ya msaada wa fedha. Miaka mitatu na GPA ya 3.8 inafungua milango ambayo miaka miwili na 3.4 haiisogelei. Kutangulia si kufika. Kima cha chini wanachoandika, 2.4 kwa mkazi wa California, hicho ni cha kuruhusiwa kutuma fomu tu, kwa CS usikiangalie kabisa.

Data strakcha usiiache bado. Kwanza angalia kalenda ya chuo chako, siku ya mwisho ya kuacha ukapata W (alama ya kuacha kozi) imeandikwa, una mpaka siku hiyo. Kabla ya hapo nenda masaa ya ofisi ya profesa mara tatu, sio moja, mara tatu, na uende na programu yako iliyoharibika umuonyeshe imeharibikia wapi. Sisi tuliosoma Bongo tuna huu ugonjwa wa kuona kumfuata mwalimu ofisini ni kama umeitwa kuchapwa. Huku mwalimu anakaa pale anasubiri watu na mara nyingi hakuna anayekuja. Ukifika siku ya mwisho unaona kabisa ni D inakuja, chukua W, W moja haijamuua mtu. Ukiona ni B, kaa. Ukiona ni C... hapo piga simu tuongee, maana W nyingi zinagusa pia msaada wa fedha, wanataka umalize kama theluthi mbili ya yuniti unazojaribu.

Sasa kujua ni kozi gani hasa za kuchukua. Kuna tovuti inaitwa ASSIST, ni ya bure, unaweka jina la chuo chako, unaweka kampasi unayotaka, unaweka meja, inakutolea kozi hii ya hapa ni sawa na kozi ile ya kule. Toa karatasi ya kila kampasi unayoifikiria, zilaze mezani, utaona hazilingani. CS ya Berkeley kwenye ile koleji mpya haikudai fizikia, lakini EECS (umeme na kompyuta) iliyoko uhandisi inadai, na UCLA nao CS yao iko shule ya uhandisi kwaiyo fizikia imo. Ukiona sehemu imeandikwa kwamba chuo chako hakina kozi inayolingana usikate tamaa, angalia chuo jirani, komyuniti koleji ziko 116 jimbo zima na kuna nyingi zinafundisha kwa mtandao, unajiandikisha huko kozi moja tu transkripti unakuja kuziunganisha. Watu wa CS wanaoingia mara nyingi wana transkripti za vyuo viwili vitatu, hakuna anayewashangaa.

Na Kiingereza usikichezee. Kuna kozi mbili za uandishi ambazo bila hizo UC hawakufikirii kabisa hata uwe umeandika programu ya kurusha roketi, na vijana wa kompyuta ndo wanaozikimbia mpaka semista ya mwisho. Halafu kuna sharti la lugha ya pili kwenye baadhi ya kampasi, hapo sasa wewe una hazina hujijui. Umesoma darasa la sita na la saba kwa Kiswahili, una Kiswahili kwenye cheti cha form four. Agizia vyeti vyako, mpelekee kaunsela muulize sharti la lugha kama linafutika. Wenzako wanakaa semista mbili wanajifunza Kihispania cha kuombea maji!

Tarehe ni hizi. Septemba yote, tarehe 1 mpaka 30, kuna kitu kinaitwa TAG, ni ahadi ya maandishi kwamba ukitimiza masharti unapokelewa. Kampasi sita tu ndo zinatoa: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, na unaruhusiwa kuomba moja tu. Berkeley, UCLA na San Diego hawamo. Na usishangilie mapema, CS ndo ya kwanza kufungiwa mlango kwenye hizo TAG, Irvine haimo, Santa Barbara haimo, orodha inabadilika kila mwaka kwaiyo soma ya mwaka wako wewe. Maombi yenyewe ya UC yanafungwa mwishoni mwa Novemba na fomu ni moja kwa kampasi zote, CSU (California State University, mfumo mwingine wa vyuo vya jimbo) nao wana fomu yao inafungwa kipindi hicho hicho. Januari unarudi kujaza maksi za semista iliyoisha, watu wanasahau hii wanatolewa kijinga. Majibu yanakuja mpaka mwisho wa Aprili, unathibitisha kabla ya Juni 1. Omba Novemba ya mwaka kesho, usiombe hii inayokuja, hii inayokuja utakuwa na C na data strakcha ya mashaka tu mkononi.

Esei. UC hawaangalii SAT (mtihani wa kuingilia vyuo) na barua za walimu kwa kawaida hawataki, kwaiyo sauti yako ni hizo esei nne, kila moja maneno 350 mwisho. Moja ni ya lazima kwa wanaohama, wanauliza umejiandaaje na meja hiyo. Usiandike kwamba tangu utoto ulipenda kompyuta. Kila mtu aliipenda. Andika zamu ya usiku, bibi unayemtunza anavyoamka saa tisa kuulizia dawa, andika kaprogramu ulikotengeneza kukumbusha zamu au dawa, na kama hujakatengeneza basi sasa unajua likizo utafanya nini. C ya kalkulasi ieleze kwa mistari miwili kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, sababu na ulichobadilisha, usilie.

Fedha. Una green card na mama yako ni mkazi wa California zaidi ya mwaka na siku moja, hiyo ni baraka kubwa kuliko GPA. Komyuniti koleji ni dola 46 kwa yuniti, na kwa kipato chenu hata hizo mnaweza kusamehewa, kama bado unalipa nenda ofisi ya msaada wa fedha kesho asubuhi. UC ada ya mkazi mwaka wa masomo 2024-25 ilikuwa kama dola 14,000 na kitu, lakini kuna mpango wao unaitwa Blue and Gold, familia yenye kipato chini ya dola 100,000 ada hiyo inafunikwa na misaada, ukiwa umejaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali) kabla ya Machi 2. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu inafika mpaka dola 7,395 kwa mwaka. Kinachomaliza watu Berkeley ni kodi ya chumba. Ndo maana nilikutajia Davis.

(Wale mnaosoma hapa mna F-1, viza ya mwanafunzi, habari zenu ni nyingine. Hamuhesabiwi wakazi, UC mtaongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, kazi ni ndani ya kampasi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na I-20 (karatasi yenu ya uanafunzi) lazima ihamishwe kwenye SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hamjahama wenyewe. Kwenu nyie vyuo binafsi vyenye mifuko mikubwa vinaweza kuwa nafuu kuliko UC, ila milango yao ya kuhamia ni tundu la sindano. Princeton walifunga uhamisho kwa miaka mingi mpaka 2018. Nitawaandikia siku nyingine.)

Mama sasa. Usimbishie kwa sauti ya juu. Mama anaona kitu ambacho wewe hukioni, hospitali za Sacramento zinaita manesi kila siku, na upande wa pili Meta ilipunguza watu 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023, na tangu hapo mtu anayeanza kazi anatafuta muda mrefu kuliko zamani. Hajakosea. Ila unesi nao una foleni zake na mnyororo wake wa anatomia na kemia, sio mahali pa kukimbilia ukiwa huupendi, wazee unaowatunza usiku watakuwa wamekuambia tayari kama una moyo huo au huna. Mwekee mama namba mezani: mwaka gani unahama, kampasi zipi, ada nani analipa. Akina mama zetu wanaogopa ndoto isiyo na tarehe.

Na hili la mwisho ndo ambalo hakuna aliyeniambia mimi. Ukihama unaingia Agosti au Septemba, na makampuni yanaanza kuchukua watu wa mafunzo ya kiangazi kijacho mwezi huo huo, wakati wewe bado hujajua choo cha jengo la CS kiko wapi. Wenzako waliokaa pale tangu mwaka wa kwanza wana kiangazi tatu, wewe una kimoja tu kabla ya kugradueti. Kwaiyo sivii yako na programu mbili tatu za kuonyesha lazima zitoke komyuniti koleji, kabla hujahama. Hapa ndo San José State, ya CSU, inawapiga chenga wakubwa, iko katikati ya Silicon Valley, mwanafunzi anatoka darasani anaenda usaili kwa basi. Iweke kwenye orodha, na usiiweke kama adhabu.

Wiki hii nataka vitu viwili. Nenda kwa profesa wa data strakcha, na unitumie zile karatasi za ASSIST za Davis, Berkeley, San Diego na San José nikuchoree semista zako nne zilizobaki. Ile zamu ya Jumanne usiku kabla ya darasa la hesabu muombe bosi akubadilishie. Na mama mpe shikamoo yangu.